Benchi Halikupita Mlangoni

Alama ya X waliipaka Jumatano,
rangi nyekundu, brashi pana, juu ya vumbi.
Chedego akaitazama, akatema mate:
"Kazi mbaya. Hata mkono wa pili haikupewa."

Siku thelathini. Tukahesabu vyetu:
mashine ya kuranda, nzito kuliko fahali,
jiriwa mbili, misumeno, patasi za kila unene,
kekee ya marehemu baba
yenye mpini uliong'aa kwa jasho lake,
na mbao za mkurungu, miaka minne zinakauka,
zikingoja mteja asiye na haraka.

Dereva wa Fuso alitaja bei, tukacheka.
Alipoondoka hatukucheka tena.
Tukahama kwa guta, safari kumi na moja,
Chang'ombe hadi Nala,
upepo wa Agosti ukitumwagia mchanga machoni
kama tunadaiwa.

Benchi ndilo lililogoma.
Baba alilijenga kwanza, kisha akalizungushia ukuta,
na wala hakuwaza siku ya kutoka.
Tukalilaza ubavu. Tukalisimamisha.
Tukang'oa fremu ya mlango, kazi ya mikono yetu.
Halikupita.
"Bomoeni ukuta," akasema Chilongani, mwanafunzi wetu,
"si watakuja kuubomoa hata hivyo?"
Kijana alisema kweli.
Lakini niwaanzie mimi?

Nikapima mara nne.
Nikachukua msumeno wa baba, nikalikata katikati,
mimi Sechelela, bintiye,
na unga uliodondoka ulikuwa mwekundu ndani,
bado unanukia.

Nala tulipewa ghala la zabibu.
Sakafu yake imeinamia mfereji
ili maji ya kuoshea matunda yajiendee yenyewe.
Kwa zabibu, sawa.
Ila kabati likisimama hapo linajifungua milango,
penseli ukiiweka inakwenda zake,
na kwenye pima maji kile kitone cha hewa
kimekimbilia pembeni
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Nyigu nao hawajaambiwa kuwa mavuno yamekwisha.
Mteja wa kwanza alinusa droo yake:
"Mama, hii mmeipaka siki?"

Umeme wa fezi tatu: nguzo ipo, waya upo,
fomu imejazwa, imepotea, imejazwa tena.
"Njoo Jumatatu."
Mashine ya kuranda imefunikwa turubai
kama mgonjwa anayeona haya.

Simu inaita mchana kutwa:
"Fundi, mmehamia wapi?"
Ukivuka reli, kata kulia, uliza ghala la zamani.
"Lipi?"
Lenye nyigu.

Usiku mmoja pikipiki ilisimama nje.
Mwanamume akashuka, mkononi ana kamba
iliyofungwa fundo mahali pafupi,
pafupi mno.
Sikuuliza. Fundi haulizi kamba ya namna hiyo.
"Nilianzia kule kwenu," akasema,
"nikanyoosha mkono gizani nigonge,
mlango haupo, ukuta haupo."
Akauonyesha mkono wake, kana kwamba ndio wenye kosa.

Tukawasha tochi za simu.
Chilongani akachonga kabari nne,
akazisukuma chini ya miguu ya benchi, upande wa mfereji,
mpaka kitone kikarudi kati.
Chedego akaenda kwenye mkurungu,
akachagua bila kusema, na mimi sikumzuia.
Tuliranda kwa mkono hadi jogoo la kwanza.
Mwanamume alikaa juu ya kreti, akiokota takataka za randa,
akizikunja, akizikunjua.
Bei hatukutaja.

Benchi tumeliunga kwa gundi na boliti sita.
Limepungua milimita tatu,
unene wa meno ya msumeno,
na kiganja changu kikipita pale huwa kinasita.

Kamba yake aliisahau.
Ipo ukutani, kwenye msumari
wa kwanza tulioupigilia hapa.

Umeme, wamesema, Jumatatu.