Kiganja cha Karatasi

Kiganja chako kimefika kwa meli ya asubuhi,
kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa machungwa,
wino wa bluu, ukingo umelowa utamu.
Pembeni umeandika: Dada, kipanya kinachonienea.
Cha kuchezea. Na kisiniume.

Nikakipeleka Makoroboi, dukani kwa Bujiku,
nikakitandaza juu ya kaunta
kama mtu aliyempelekea fundi kitambaa.
Bujiku akacheka hadi miwani ikamshuka:
wenzako huja na mikono yao,
wewe umekuja na wa mtu.

Akatoa cha kwanza, kinawaka kama ukumbi wa harusi.
Nikakilaza juu ya wino.
Vidole vyako vikapitiliza, vikaning'inia
kama miguu ya mgeni kwenye kitanda cha mtoto.
Cha pili kizito, jiwe la kusagia.
Cha tatu chepesi, kimetobolewa mgongo mzima.
Matundu ya upepo, akasema Bujiku.
Nikamwambia, huku kwetu tundu likiachwa wazi
huingia usubi kabla ya upepo.

Usiniulize mimi ninatumia kipi.
Mimi hukishika kwa ncha za vidole,
kama ninavyoshika mnofu wa sangara kiwandani,
baridi, haraka, msimamizi yuko nyuma.
Wewe hukilalia kwa kiganja kizima,
nilikuona Desemba, ulimi nje, unalenga.
Uzuri wake hauko kwenye boksi, Mazigo.
Uko kwenye mfupa ulio chini ya dole gumba,
saa saba usiku:
umenyamaza, au unanung'unika?

Halafu nikaona kidole chako kidogo kimepinda.
Nikadhani kalamu iliteleza.
Kisha nikaukumbuka mlango wa stoo, Bukindo,
na nani aliyeusukuma.
Miaka kumi na tisa, na mama bado anajua ulianguka.

Bujiku, nikasema, nitafutie chenye bonde ubavuni,
mahali pa kidole kupumzika.
Akapanda stuli.

Ni hicho cheusi. Hakina taa.
Alitaka arobaini, tumeachana kwenye thelathini na tano.
Kikikusumbua usikibamize mezani, nakujua.
Ukibofya mara moja nacho kikabofya mbili,
kijibati cha ndani ya kitufe kimechoka;
mlete kwangu kabla dhamana haijaisha,
namwita mle kama mgonjwa, usinicheke.
Waya hukatikia shingoni. Usiuzungushe kama kamba ya mbuzi.
Juu ya kioo hakioni kitu,
tandika hata kalenda ya mwaka jana.

Na mshale ukianza kurukaruka
usiutukane kwanza mtandao wa Nansio.
Kipindue, tazama jicho lake tumboni.
Wiki ile usubi uliposimama juu ya ziwa kama moshi
mmoja aliingia kwenye changu,
akafia palepale kwenye mwanga mwekundu.
Nimepoteza mechi tatu
kwa mdudu asiye hata na mdomo wa kula.
Nilimtoa kwa pamba na tone la spiriti,
nikampuliza dirishani, akaenda
upande wa Kirumba, au alikotaka.

Karatasi yako sikurudishii.
Bujiku aliiomba aibandike ukutani
wateja wajipimie. Nimekataa.
Jana umeme ulikatika katikati ya mchezo,
nikawasha tochi ya simu
nikaweka mkono wangu juu ya wako.
Umenizidi vidole vinne.
Kile cha tano tuko sawa.