Kizingiti

Mara ya kwanza tulikipandisha matofali mawili.
Fundi Rafiqul alipima kwa kamba,
akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
"Mama, maji yalifika wapi?"
Nikamwonesha doa ukutani, rangi ya chai iliyolala,
juu kidogo ya soketi ya friji.
"Basi hapa," akasema, "na shibiri moja ya Mungu."

Hilf ni mji mdogo, mlango ukibadilika hutangazwa.
Majirani wakaja kutazama. Watoto wakakifanya farasi.
Mama mkwe, Bi Ghaniya, alisimama nje na bakora:
"Nyumba yangu mwenyewe, leo naiingia kwa kupanda?"

Mara ya pili, matofali matatu,
kwa sababu kimbunga kile hakikuja na upepo tu.
Wadi ilishuka kutoka milimani,
bahari ikapanda kutoka upande wa pili,
sisi katikati kama nyama ya sambusa.
Friji ilielea. Ilielea kwa adabu,
mlango umefungwa, samaki ndani,
ikapita sebuleni kama mgeni anayetafuta viatu vyake.

Kizingiti kikafika magotini.
Tukajenga vidaraja viwili nje, viwili ndani.
Bi Ghaniya akavitazama, akarudi kitandani.
"Mmezuia maji," alisema, "na mimi mmenizuia."

Kisima cha uani tumekifunika bati;
chai ilikuwa ikijitia chumvi yenyewe.
Sasa twanywa maji ya mtambo,
bahari ile ile:
ikija bure tunaikimbia,
ikija kwa bomba tunailipia bili.

Mwanangu Muadh anafanya kazi na watu wa kasa.
Huchomeka kipimajoto mchangani usiku,
huandika, hufuta jasho, huandika.
Anasema mchanga ukizidi moto
mayai hutoa majike matupu.
Bi Ghaniya akasikia kutoka chumbani:
"Mtaa wa wajane. Waambie karibuni."

Mama yangu, aliyeingia Maskati angali tumboni
na Kiswahili chote cha bibi,
alinifunza: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Nimejenga, mama.
Lakini ufa wenyewe uko wapi niuzibe?
Nilikuwa nikisema uko mbali, kwa watu wenye viwanda.
Kisha nikakumbuka mafuta yaliyonisomesha,
yaliyoleta lami, taa, na feri hii inayobeba saruji yangu,
nikanyamaza.

Bi Ghaniya alifariki Jumanne, saa za kiyoyozi kuzima.
Wanaume wanne walimbeba.
Mlangoni wa mbele akainua mguu, wa nyuma hakujua,
jeneza likainama, bega la mtu likagonga fremu,
na kwa kitambo kidogo marehemu alikaa pale juu,
hayumo ndani, hayupo nje.
Mtu akasema, "Bomoeni."
Hakuna aliyekuwa na nyundo.
Wakamwinua juu ya vichwa vyao,
yeye aliyekataa kupanda.

Siku ya nne nikamwita Rafiqul.
Amekuwa na mvi sasa. Akaja na kamba ile ile,
akakitazama kizingiti kama mtu aliyekosa.
"Mama, nikipunguze?"
Nikatazama ukuta. Doa jipya limelipita la zamani.
"Ongeza tofali moja," nikamwambia.
"Lakini mlango upanue.
Wapite watu wanne, wamebeba."