Mfuko Mzima

Februari upepo uliangusha ukuta wa malisho,
mita tatu na ushei, mawe yakamwagika majanini
kama viazi vya gunia lililopasuka.
Kondoo wa jirani wakaingia kwa adabu, mmoja mmoja,
wakala sukumawiki yangu yote, hata vikonyo.

Nilikwenda Richmond kwa gari la kuazima,
nikarudi na mifuko miwili ya saruji.
Mimi ni mtoto wa mwashi wa Same.
Baba aliamini mchanga, maji na saruji
kuliko alivyowaamini mashemeji zake.
Usipoziba ufa, alianza, na sentensi hakuimaliza:
mwiko ndio uliomalizia.

Dot Alderson hupeleka barua bonde zima la Swale,
na Jumamosi hujengea watu kuta
kwa malipo ya mayai na maneno makali.
Akaitazama mifuko, akanitazama mimi.
"Unataka kuuzika ukuta, au kuusimamisha?"
Akavua glavu kwa meno.

Kwanza tukabomoa kilichobaki. Hilo liliniuma.
Tukatandaza mawe: makubwa karibu, madogo mbali,
vijiwe vya kujazia tumboni kwenye karai.
Kisha moja juu ya mawili, mawili juu ya moja.
Jiwe ukishaliokota, usilirudishe chini;
lina uso, utafute.
Nililipakata moja nusu saa
kama mtoto niliyeachiwa stendi.

Nyufa zilibaki. Zilinisuta.
Nikaingiza kidole: baridi, halafu mwanga.
"Upepo upite," akasema Dot. "Ukiuzibia njia
utaondoka na ukuta wako."
Na chini kabisa akaacha tundu la mraba,
la sungura,
maana sungura walikuwa na njia yao hapo
kabla ya hati yangu ya nyumba.

Ndani, bomba la jikoni lilidondoka,
bawaba ya lango ililia,
mfereji wa paa ulining'inia kwa waya.
Siku tatu sikuitika.

Siku ya nne likakosekana jiwe moja la juu.
Tukazunguka shamba lote, hakuna.
Ndipo nikakumbuka banda.
Unyevu ulishaingia kwenye mfuko mmoja,
saruji imegandia mle mle, nene kama mto wa kulalia,
ina mikunjo ya karatasi na alama ya mshono.
Nikaukumbatia hadi ukutani, nimeinamisha macho.
Dot akaugeuza, akaugeuza tena, akatema mate.
"Lina uso," akasema.
Tangu hapo likawa jiwe.

Jioni nikampigia baba kwa video.
Akasogeza jicho hadi likajaa kioo chote.
Akakagua mstari, akakagua pembe,
akaona mwanga unapenya, akanyamaza.

"Saruji uliweka?"

"Niliweka, Baba. Mfuko mzima."

Wa pili bado uko bandani.
Bomba linadondoka.