Idodomya

Walinihadithia nikiwa mgeni wa mji huu:
tembo alishuka bondeni kunywa maji,
tope likamshika miguu, akadidimia,
Wagogo wakasema, idodomya.
Nikacheka. Tembo mzima!
Sikujua kwamba uso wa mtu nao una tope lake.

Ilazo, nyuma ya duka la vipuri,
saluni yenye pazia la waridi.
Themanini elfu, mdomo wa juu na wa chini,
na punguzo kwa watumishi wa Mtumba.
Ndani ya friji, kati ya soda mbili na bakuli la makande,
Sikitu akatoa kichupa.
Hakikuwa na karatasi. Nilikiona hakina karatasi.
Mimi, karani wa masjala,
ninayerudisha faili likikosa muhuri mmoja,
nikalaza kichwa nyuma, nikafumba macho.

Kwa nini?
Kwa sababu ya picha ya kitambulisho.
Kwa sababu Mchiwa wa uhasibu alisema, kwa wema kabisa,
"Siku hizi umechoka, dada."
Kwa sababu upepo wa Agosti huku haubishi hodi,
hupasua midomo kama upasuavyo ardhi ya Chamwino,
nami nikadhani ufa huzibwa kwa sindano.

Ya kwanza, kama kung'atwa na siafu.
Ya pili, vilevile.
Ya tatu, mdomo ukageuka mweupe,
si weupe wa poda,
weupe wa ukucha ukiubana.
"Kawaida," akasema. "Weka barafu, kalale.
Kesho utanipigia kunishukuru."

Usiku maumivu yakapanda hadi pembe ya pua.
Alfajiri, kwenye kioo cha bafuni,
michirizi ya zambarau imejichora juu ya mdomo
kama mzabibu uliopogolewa vibaya.

Hospitali, muuguzi Lusajo akabonyeza, akaachia, akahesabu.
Damu hairudi.
"Umechomwa nini?"
Sijui.
"Jina la dawa?"
Sijui.
"Sanduku? Namba? Aliyekuchoma amesomea wapi?"
Nikamtazama kama jalada tupu.

Daktari alieleza huku akivuta dawa kwenye bomba:
kilichoingia kimeziba njia ya damu,
na nyama isiyopata damu hufa kama mche.
Ingekuwa puani, au kati ya nyusi,
pengine ungeamka jicho moja halioni,
na jicho likizimika hivyo ni nadra kuwaka tena.
"Hii yangu huyeyusha aina moja tu.
Kama alikuchoma silikoni, au mafuta ya kupikia,
haitayeyusha kitu. Tungoje."

Tukangoja.
Nimewahi kuomba mvua, nimewahi kuomba mtoto.
Siku ile niliomba
tapeli wangu awe tapeli mwaminifu.

Jioni wekundu ukarudi kama umeme wa mgao,
unakuja, unakata, unakuja.
Limebaki kovu, punje moja ya uwele.
Nikicheka, halicheki.

Nyemo, mwana wa dada yangu,
umenitumia picha ya mdomo unaoutaka.
Ni mzuri. Sikukatazi, uso ni wako.
Lakini kabla hujalaza kichwa, uliza majina:
la dawa, la anayeishika,
la chuo kilichompa cheti, na leseni iko ukuta gani.
Sanduku lifunguliwe mbele ya macho yako.
Na ile dawa ya kuyeyusha, aseme iko droo ipi.
Akinuna, vaa viatu vyako.
Na ukishachomwa, ukiona weupe,
ukisikia maumivu yanayokua badala ya kupoa,
macho yakiingia ukungu, hata kidogo,
usimsikilize wa "kawaida", usingoje kuche.
Bodaboda zipo usiku kucha.

Yule tembo simcheki tena.
Alikuwa na kiu tu.
Maji yalimeremeta,
na hakuuliza chini pana nini.