Mti wa Karatasi

Ruxanda wa benki ya Soroca amechora mti:
shina kushoto, matawi yakikimbilia kulia.
Jalidi, thelathini na tano kwa mia.
Mvua ya mawe, kumi na mbili.
Bei kuporomoka... hapo kalamu ikasita,
akaandika ishirini, akafuta, akaandika ishirini.

Kwa Tudose, ng'ambo ya meza,
mti umesimama kichwa chini, miguu juu.
Miche mia nne ya mijozi, anasema,
huzaa mwaka wa saba.
Mimi nina miaka sitini na minane.

Pesa ya mwaka wa saba, Ruxanda anaeleza,
ukiivuta hadi leo husinyaa,
hubaki nusu na ushee.

Na mimi, ukinivuta toka huko,
nabaki kiasi gani?

Kikokotoo hakina kitufe hicho.

Jumla, chini kabisa: hasi elfu tatu.
Anaikunja karatasi mara nne, anaitia kofiani,
anaacha mezani mfuko wa jozi
za ule mkongwe nyuma ya zizi
alioupanda babake mwaka wa njaa
bila kumwuliza mtu.

Ruxanda anaupima kwa mkono.
Kilo mbili, labda.
Labda na nusu.