Pete Tano

Kila siku ya sita napanda ngazi ya chuma
hadi juu ya paa la zahanati, Nkuhungu,
nabadilisha karatasi.
Nyeupe inaingia, iliyoshiba inatoka.
Nimevaa glavu kama mkunga,
ila ninachokipokea hakilii.

Mwezi wa saba hutoka nyeusi katikati,
ukingoni wekundu wa vumbi letu.
Vumbi silitafuti.
Vumbi la Ugogo tunajuana nalo, huingia kwenye ugali
bila hodi, tunalitafuna, tunaendelea.
Natafuta kilicholipanda vumbi mgongoni:
moshi uliopoa ukaganda,
kitu kisicho na jina la nyumbani.

Kitabuni huchorwa kama pete zilizoshikana.
Zikiwa mbili, jua likiwaka zimekwenda.
Nne husitasita.
Tano hazina pa kwenda;
hulala juu ya chembe nyembamba kuliko unywele
zikingoja pumzi ya mtu.
Ndoa gani hii, mahari hakutoa yeyote,
na mapafu yanavishwa.

Nakata kipande cha ukubwa wa sarafu,
nakiogesha, mashine inachora vilele.
Machi ni vichuguu tu: mvua imefua anga.
(Lakini Machi watu hupikia ndani, mlango umefungwa,
na paa langu halioni jikoni.)
Julai, asubuhi ya baridi, moshi hukataa kupanda,
hutambaa uani kama mdai.
Tanuri za matofali zinawaka upande wa Nala,
mji unajengwa, na tofali haliivi kwa maombi;
vijana wa dampo wanachoma matairi wapate waya;
malori ya usiku yanahema kwenye kona ya Kizota.
Kila moto una mwandiko wake.
Nimejifunza kusoma: huu wa dizeli, huu wa kuni,
huu wa mpira.

Mmoja ulinisumbua misimu miwili.
Mdogo, haukosi, masika wala kiangazi.
Plastiki.

Jumanne moja nikaamkia kwa mama, Chang'ombe.
Perusi Ndahani, muuza maandazi tangu sijazaliwa,
alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko,
mkononi kipande cha ndoo ya buluu.
Akakiwasha. Kikadondoka matone ya moto juu ya mkaa,
tsii, tsii,
mkaa ukashika papo hapo.
"Mafuta ya taa yamepanda," akasema kabla sijauliza.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na jedwali zima.
Lakini ndoo ile ndiyo niliyoogea kwenda shule,
na maandazi yale ndiyo yaliyokuwa ada.
Mizani yangu hupima sehemu ya milioni ya gramu;
hili sikujua niliweke upande gani.

Nikampelekea gunia la magunzi, makavu, yanawaka vizuri.
Wiki ya kwanza aliyatumia.
Ya pili nikakuta kuku ameyatagia.

Karatasi ya leo imo ndani ya bahasha, namba 114.
Sijaipima.
Mama amepiga simu: kakohoa kidogo,
ni baridi tu, anasema, itaisha mvua ikinyesha,
halafu akauliza, sauti imechangamka,
zile ndoo za maabara zikipasuka
huwa mnazitupaga wapi?