Mchezo Usio na Kijumbe

Tulikuwa wanne, Wete, chumba cha nyuma
cha duka la Kombo la fotokopi.
Shaame ndiye aliyekuja na habari:
kuna fedha, akasema, haina gavana,
haina picha ya mtu wala harufu ya kiganja.
Ni kama mchezo wa mama zetu wa kila Ijumaa,
ila huu hauna kijumbe.
Daftari kila mtu analo.
Ukifuta kwako, kwangu limebaki.

Tukacheka. Kisha tukanyamaza,
maana kijumbe wa Jadida sote tulimjua,
aliyepanda boti ya alfajiri
na zamu za wanawake ishirini na mbili mkobani,
na zamu iliyokuwa ikifuata ni ya mama yangu.

Kompyuta zikaunguruma usiku kucha
kama mashine ya kusaga, unga hatuuoni.
Tukuza ikatuishia, tukachanga tena.

Siku ya kufunga mfuko
mashine ikatutemea maneno kumi na mawili,
ya Kizungu, yasiyojuana,
kama wageni waliolazwa jamvi moja.
Huu ndio ufunguo, akasema Shaame.
Mwenye yote ndiye mwenye zote.

Na sisi tulioambiwa hapa hakuna haja ya kuaminiana
tukaanza kutazamana mikono.

Tugawane, Faki akasema, matatu matatu.
Kombo akayachapa yake kwenye karatasi ya risiti.
Shaame akayatia simuni.
Mimi nikayashona ndani ya pindo la buibui.
Faki hakuandika kitu:
Nimehifadhi Yasini nzima, nishindwe na haya?

Bei ikapanda.
Hapo ndipo nilipozijua sauti za watu.
Kombo: uza, nataka bati.
Shaame: ngoja, mwakani utanunua mtaa.
Uza. Ngoja. Neno "mwizi" likapita,
likakaa katikati yetu, likakunja miguu.
Miezi minne hakuna aliyetaja lake.

Ndipo Bi Time, shangazi yake Faki, akaja
na fedha ya karafuu kifundoni mwa kanga.
Shaame akamweleza daftari, hesabu, kufuli.
Mie fedha yenu siielewi, mwanangu, akasema.
Namwelewa Faki.

Mfuko wetu ulikuwa umefungwa kwa ugomvi,
zake tukaziweka ng'ambo,
kwenye duka la kubadilishia, lenye nembo nzuri.
Jumanne moja halikufunguka.
Duka lisilo na mlango, utabishia wapi hodi?
Daftari halikusema uongo hata herufi:
tuliziona zikitoka, hatua kwa hatua,
hadi kwa mtu asiye na jina, zikatulia.

Bi Time hakupiga kelele.
Alimpakulia Faki chakula kama kawaida,
na hilo ndilo lililomtoa nyumbani.
Akapanda mikarafuu ya watu misimu miwili,
pishi kwa pishi, amlipe.
Msimu wa pili tawi likamwacha.

Alipozinduka alitujua sote.
Yasini ilikuwapo, alhamdulillahi, aya kwa aya.
Maneno matatu hayakuwapo.
Tukakimbilia risiti ya Kombo:
nyeupe pe, wino umerudi ulikotoka.

Siku hizi tunakutana baada ya Isha, hatufichani.
Shaame husema yake kutoka Maskati, spika wazi,
nami nasema yangu mbele ya mteja yeyote.
Sita. Mali ipo, dunia nzima yaiona,
imelala salama kuliko kitu chochote Pemba.

Na Faki, kichwa upande, hujaribu bahati:
"Chungwa?"
La Kizungu, Faki.
"Kwani wao hawana machungwa?"